Kochi la Mama Mkwe Lilivyoanza Kulia

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa ule ni nani fundi wa makochi, atakuonyesha mlango wa bati wa rangi ya bluu, katikati ya saluni na duka la fotokopi, na atakuambia, "Pale kwa Sponji." Jina la kuzaliwa analo, limeandikwa kwenye kitambulisho, lakini hata mkewe akimwita kwa jina hilo hushtuka akidhani ameharibu kitu. Sponji lilimganda kwa sababu ya kazi, na wenye midomo yao walisema ni kwa sababu ya umbo, maana fundi alikuwa mnene wa haja, mashavu yamejaa na tumbo limetangulia. Yeye alicheka nao. Alikuwa hodari wa kujicheka kabla hajachekwa, hivyo hakuna aliyejua ni utani upi ulikuwa umemuuma.

Kwa kazi, usiseme. Mletee kochi lililokata tamaa, springi zimechungulia nje, kitambaa kimechanwa na paka, naye atalivua nguo zote abaki na mbao tupu. Atagonga hapa, atabana pale, atakata sponji kwa kile kisu chake kirefu, atavuta kitambaa mpaka kikae bila mkunjo, kisha atashika bunduki yake ya pini: ta, ta, ta, ta. Kochi likirudi nyumbani kwako utalipigia hodi. Wanasheria walimpa kazi, zahanati ikampa kazi, wenye nyumba za wageni wakampa kazi. Nusu ya mji ilikuwa imekalia mikono yake.

Nusu hiyo ya mji ilikuwa imekalia na jambo jingine, ila haikujua.

Mambo yalikuwa hivi. Kila Jumatatu fundi alianza maisha mapya. Mkewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kunyamazisha watoto darasa zima, alipomwekea mkate na mayai, fundi alisukuma sahani kando. "Kuanzia leo, mimi chai kavu tu." Mkewe alikuwa amezisikia hizo kuanzia-leo nyingi kuliko alivyosikia kengele za shule, lakini alimpa moyo. Fundi akanywa chai yake isiyo na sukari, akakaza mkanda, akaenda kazini kifua mbele.

Asubuhi ilipita vizuri, kwa kuwa asubuhi haina tatizo na mtu. Saa sita tumbo likaanza kudai haki yake, akalinyamazisha kwa maji. Saa nane likadai tena, akaliongezea maji. Ikifika alasiri, pale mikono inapoanza kutetemeka na kila sponji ya manjano inafanana na keki, ndipo mambo yalipokwenda mrama. Alifuta mikono, akatoka mbio mbio kama aliyeishiwa misumari, akaenda duka la mbali. Leo hili, kesho lile, maana hakutaka muuzaji yeyote amzoee. Mkate mzima. Biskuti pakiti kadhaa. Karanga, vikeki, soda ya chupa kubwa. "Nina wageni," alisema, hata kabla hajaulizwa.

Wageni hawakuwapo. Alirudi, akavuta mlango nusu, akajificha nyuma ya kochi lililosimamishwa wima, akala akiwa amesimama. Naomba msifikiri alikuwa akifaidi. Njaa iliisha mapema sana, mkate haujafika nusu, na utamu ulikuwa umeisha hata kabla ya njaa. Kilichobaki ni mkono kwenda na kurudi wenyewe, kana kwamba si wake. Akishamaliza, aliganda pale pale, tumbo limekaza, pumzi juu juu, makombo kwenye ndevu, na alijichukia. Hapo hakuwa na utani hata mmoja. Aliapa kwamba kesho hatatia kitu mdomoni kutwa nzima, na kiapo hicho ndicho kilichomrudisha palepale kesho yake.

Sasa kulikuwa na swali la mifuko na makaratasi. Pipa la taka alilichangia na dada wa saluni, na dada yule macho yake yalifanya kazi kuliko mkasi wake. Kubeba nyumbani haikuwezekana, kwa sababu mkewe alimpitia kila siku akitoka shule ili warudi pamoja. Basi siku moja, roho juu, akiwa amesikia sauti ya mkewe pale saluni, fundi alitazama mkono wa kochi uliokuwa mbele yake ukiwa bado wazi. Akasokomeza kila kitu ndani, akasukumia kipande cha sponji juu yake, akavuta kitambaa. Ta, ta, ta. Mkewe alipoingia alimkuta anapiga mluzi.

Ikawa ndiyo mazoea. Alijaza mikono ya makochi, migongo, hata vibao vya kuwekea miguu. Kwa kuwa alikuwa fundi mzuri, hakuna kilichosikika. Jioni nyumbani alikaa mbele ya chakula cha mkewe, akadonoa mara mbili tatu, akasema, "Nimeshiba." Mkewe alimwangalia, akaiangalia sahani, akaendelea kula peke yake.

Siku ya kudhihirika ililetwa na mama mkwe. Mama huyu alikuwa muuguzi mkuu kabla ya kustaafu, na kustaafu hakukumtoa wodini. Alipokutazama ulihisi anakuhesabia mapigo ya moyo. Alikuwa na kochi la watu watatu, la mahameli ya kijani, alilonunua akiwa bado kijana na alilolipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Lilipochoka, alimwita mkwe wake. Fundi alikwenda kupima na kuonyesha vitambaa, akakuta meza imeandaliwa: wali, kuku, mboga, matunda, na mama mkwe amevaa gauni la wageni. Ilikuwa Jumatatu.

"Karibu ule, baba."

"Ahsante, nimeshiba, mama."

"Hata kidogo?"

"Nimeshiba kabisa, mama. Nimetoka kula sasa hivi."

Mama mkwe akafunika sahani, moja baada ya nyingine. Fundi akapakia kochi kwenye gari la kukodi, akaondoka na harufu ya yule kuku kichwani.

Alilifanya kochi lile kwa hofu. Kosa dogo tu, mkunjo mmoja, na mama mkwe angelitaja mpaka kwenye mazishi yake mwenyewe. Na hofu, kwa Sponji, ilikuwa na njia moja tu ya kutokea. Alikula nyuma ya kochi lile kuliko alivyowahi kula nyuma ya kochi lolote, akajaza mgongo wake, na kwa haraka ya hofu ile, safari hii akasahau kufunika kwa sponji nene.

Kochi likarudi kwa mama mkwe, na haukupita muda simu ikalia.

"Mkwe wangu, hili kochi lako linalia."

"Linalia, mama?"

"Linalia. Jana wenzangu wa kikundi wamekuja, kila anayeegemea, kwaru kwaru, kwaru kwaru. Mwenyekiti wetu amesimama mkutano mzima. Kama umeniwekea panya humo, uje umtoe."

"Nitatuma gari lilichukue, mama, nilitazame karakanani."

"Gari la nini? Wewe njoo na vyombo vyako. Utalifungua hapa hapa nikiona."

Akaenda. Ungemwona njiani ungedhani anakwenda kung'olewa meno. Alifika, akaamkia, akalizunguka kochi na kulibonyeza kwa utaalamu mwingi usio na maana, kisha akaomba maji ya kunywa. Maji yalikuwa tayari mezani. Akaomba chai. Chai ilikuwa kwenye chupa. Akauliza kama kuna bisibisi mahali nyumbani, ile ndogo. Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa, akaitoa mfukoni mwa gauni.

Hakukuwa tena na pa kukimbilia. Fundi akang'oa pini za mgongo moja moja, polepole, kama anayetegua bomu. Kitambaa kikaachia. Ukamwagika mfuko wa mkate, ukafuatiwa na pakiti za biskuti, mfuko mwingine, karatasi za vikeki, na chupa ya soda iliyobonyezwa ambayo ilibingirika sakafuni na kusimama kwenye kiatu cha mama mkwe.

"Hii," alisema fundi, na hata yeye alishangaa kusikia anaendelea, "ni teknolojia mpya, mama. Siku hizi tunajazia plastiki. Inahifadhi mazingira."

Mama mkwe hakucheka. Aliokota mfuko wa mkate, akaunyoosha juu ya goti. Ulikuwa na picha ya jogoo mwekundu. "Huyu jogoo ni wa mwokaji mikate wa hapa kona," alisema. "Hauzi kwingine. Ulipita kwake siku ile uliyokuja kupima."

Fundi akainama kuiokota ile chupa.

"Siku ile nilipika tangu asubuhi. Ukaniambia umeshiba. Kumbe umetoka hapa na njaa yako, ukaenda kununua mkate." Sauti yake ilibadilika, na kwa mara ya kwanza fundi aliona kwamba mama mkwe anaweza kuumia. "Miaka yote hii, baba, nimekuwa nikijiuliza chakula changu kina nini. Nilidhani kinakutia kinyaa."

Hapo ndipo fundi aliposhindwa. Angeweza kuvumilia kusemwa, kuchekwa, hata kufukuzwa. Hakuweza kumwacha mama yule aendelee kuamini hivyo. Akakaa sakafuni katikati ya makaratasi yake, na akayasema yote: chai kavu, duka la mbali, wageni wasiokuwapo, mkate unaoliwa wima nyuma ya kochi. Alisema kwa sauti ndogo. Alisema pia kwamba amejaribu kuacha mara nyingi, na kwamba anaogopa siku moja mkewe atajua amelala na mwongo.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huu ni ugonjwa, mwanangu. Nimeuona wodini, kwa wake na waume, wanene na wembamba. Unatibika. Pale zahanati kuna mshauri, nitampigia simu. Lakini mkeo utamwambia wewe, leo. Mimi Jumapili namwona, na sipendi kufundishwa kunyamaza uzeeni."

Fundi akashona kochi upya, safari hii kwa sponji tupu. Mama mkwe akakusanya makaratasi akayatia kwenye pipa, isipokuwa ule mfuko wa jogoo. Aliukunja akamkabidhi mkwe wake. "Wa kumwonyesha," alisema.

Jioni ile, mkewe alipokwisha kupakua, fundi aliuweka mfuko mezani kati ya sahani mbili. Akaeleza. Alitegemea ukali, na ukali ulikuja, ila haukutokea upande aliouchungulia.

"Kwa hiyo hujashiba," mkewe alisema.

"Lini?"

"Siku zote. Ulipokuwa unasema umeshiba."

"Nilikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimeshiba kupita kiasi. Ndiyo maana—"

"Mimi nimekuwa nikila peke yangu," alisema mkewe. "Wewe upo hapo, kiti hicho, na mimi nakula peke yangu. Nikadhani umenichoka." Akalia, akakasirika kwa kuwa analia, akainuka kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula. Fundi akamfuata. Hawakuelewana siku ile, wala kesho yake. Keshokutwa yake mkewe alimuuliza, "Zahanati unakwenda saa ngapi? Nitaomba ruhusa twende wote."

Zahanati wakakuta chumba cha kungojea kimejaa. Kulikuwa na nafasi kwenye benchi la pembeni, lenye mgongo wa ngozi bandia ya kahawia. Fundi akakaa, akaegemea. Kwaru kwaru.

Akaganda. Mkewe akamtazama. Akalitazama benchi. "Na hapa?" alimnong'oneza.

"Zamani kidogo," fundi akajibu.

Mwalimu wa chekechea akaweka kitambaa mdomoni. Alijitahidi sana, lakini mabega yalimsaliti, na fundi naye alipoona vile akashindwa, wakacheka mpaka mgonjwa mwenye mguu wa plasta akaomba aambiwe na yeye. Ndicho kicheko chao cha kwanza tangu mfuko wa jogoo. Na kila walivyotikisika, benchi nalo likaitikia.

Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na utaratibu wa kutokuwa na haraka. Alimuuliza fundi maswali mengi, asimshangae kwa jibu lolote. Kisha akatoa agizo lake la kwanza. "Kesho asubuhi utakula. Mkate, mayai, chai yenye sukari kama unaipenda. Mchana utakula. Jioni utakula. Katikati, ndizi au karanga kidogo. Hutaruka."

Fundi alidhani hajasikia vizuri. "Daktari, mimi nimekuja niache kula."

"Sina udaktari, niite dada. Na wewe hujawahi kuacha kula, ndugu yangu. Umekuwa ukijinyima kutwa, mwili unasubiri, ukiona mwanya unachukua vyote kwa pamoja. Hicho ulichokiita ulafi, nusu yake ni njaa. Nusu nyingine tutaitafuta."

"Na mkate? Nisiuguse?"

"Mkate si adui yako. Hakuna chakula kilichopigwa marufuku. Na ukiteleza, maana utateleza, mlo unaofuata unakula kama kawaida. Hakuna adhabu, hakuna kuanzia kesho." Akavua miwani. "Unapokula hivyo, huwa umekaa wapi?"

"Nasimama."

"Fundi wa makochi?"

"Makochi ni ya wateja, dada. Pale kwangu sina hata kigoda."

Mshauri akasema hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Basi Sponji akajitengenezea kiti. Alikitengeneza kwa mabaki: mkono mmoja wa mahameli ya kijani ya mama mkwe, mkono mwingine wa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye kazi ya wanasheria, kikalio cha ngozi ya zahanati. Kilikuwa kibaya ajabu. Wateja waliokiona waliingiwa na shaka juu ya kazi zao. Lakini alipokikalia, mbele yake kreti lililofunikwa kitambaa, na sahani yenye wali na maharage aliyotoka nayo nyumbani, alijisikia kama mgeni aliyekaribishwa. Mlango aliuacha wazi kabisa, kama alivyoagizwa, na uso ukamuwaka moto kwa aibu.

Dada wa saluni akapita, akarudi nyuma, akachungulia. "He! Sponji unakula?"

"Nakula."

"Mimi nilidhani unaishi kwa gundi." Baada ya dakika chache alirudi na sahani yake na kiti cha saluni, kile cha kuzunguka, akakaa naye. Aliongea muda wote, mdomo umejaa, na fundi akagundua kwamba mbele ya mtu anayeongea vile huwezi kula kwa kasi. Kila unapoinua kijiko unatakiwa kujibu.

Nusu ile nyingine ya ulafi waliitafuta na mshauri wiki baada ya wiki. Haikuwa rahisi kuipata. Fundi alijibu kila swali kwa mzaha, na mshauri alicheka kidogo, akauliza tena. Hatimaye ikajulikana kwamba saa mbaya kuliko zote si ile ya njaa. Ni ile ambapo kochi limekamilika, limepakiwa kwenye gari, gari limekata kona, na karakana imebaki wazi na vumbi la sponji. Kwa siku kadhaa alikuwa na mwenzake pale, akimbembeleza, akimkarabati. Ghafla hayupo. Fundi alisema hivyo akitarajia kuchekwa. Mshauri akasema, "Huo ni upweke, ndugu yangu. Hakuna mkate unaoweza kuuzima." Tangu hapo, kila kochi likiondoka, Sponji alikwenda kukaa saluni kwa muda. Wanawake walimtania, wakamtaka ushauri juu ya waume zao, na mara mbili alishikishwa rasta azichambue.

Hakuna aliyesema kwamba mambo yalinyooka. Mara ya kwanza kula asubuhi ilimtia hofu, alihisi anaiibia siku. Tumbo lilipungua kidogo, likarudi kidogo, na mshauri akamwomba aache kulipima kila asubuhi kwa mkanda. Mkewe naye ilimbidi ajifunze: asihesabu vijiko vya mwenzake kwa macho, asiulize "umekulaje leo" kwa sauti ya darasani. Mara nyingine alisahau, fundi akanuna, wakagombana juu ya viazi.

Kisha ikaja siku ya yule mteja. Alikuwa bwana mkubwa mkubwa, alikuja na marafiki kuchukua kochi lake, akalizunguka, akasema mbele za watu kwamba rangi siyo aliyoichagua. Rangi ilikuwa ndiyo. Alisema hata fundi mwenyewe angejitazama kwanza kabla ya kuwatengenezea wenzake, na marafiki wakacheka. Wakaondoka, kochi wakaliacha. Dada wa saluni siku hiyo alikuwa amekwenda kliniki na mwanawe. Sponji alijikaza. Alijikaza mpaka alasiri, kisha akajikuta kwenye duka la mbali akisema, "Nina wageni."

Alikula nyuma ya kochi la bwana yule, wima, kama zamani. Kiti chake kilikuwa pale kinamtazama, hakukikalia. Mkate uliisha. Akabaki na mfuko mkononi, na kwa kuwa bwana yule, kabla ya kuondoka, alikuwa amedai mkono wa kulia ufunguliwe aone sponji ya ndani, mkono wa kulia ulikuwa wazi. Bunduki ya pini ilikuwa juu ya kreti. Nje alisikia watoto wa shule wakipita, maana yake mkewe yuko njiani. Sekunde chache tu, ta, ta, ta, na jioni angesema ameshiba, na mkewe angekula peke yake tena.

Alisogeza mfuko mpaka ukaingia nusu. Akauvuta. Akaukunja, akautia kwenye mfuko wa shati.

Mkewe alifika, wakafunga mlango, akampitishia mkono kama kawaida yao. Hawajafika kona, shati likasema kwaru kwaru. Mkewe akasimama. Fundi akautoa mfuko, akamwonyesha, hakuweza kumtazama.

"Mzima?"

"Mzima."

"Wima?"

"Wima. Yule bwana wa kochi jekundu, alisema..." Akamwambia alichosema yule bwana. Hakukitia utani. Mkewe akasikiliza, akamtukana yule bwana tusi moja ambalo chekechea hawalifundishi, akauchukua mfuko, akautupa kwenye pipa la barabarani mbele za watu wote.

"Twende tukale," alisema.

"Nitakulaje tena?"

"Mshauri alisema mlo unaofuata unakuja kama kawaida. Kidogo. Ukae na mimi."

Akakaa naye. Alikula kidogo kweli, kila tonge likimpita kwa taabu, lakini alikuwa pale, na mkewe alimsimulia kuhusu mtoto aliyekula chaki. Kisha Jumatatu ikafika. Fundi akala mkate na mayai, hakuanza maisha mapya yoyote, akaenda kazini.

Miezi ikapita ndipo mama mkwe akaita. Hakutaja sababu, alisema tu Jumapili waje wale. Fundi alikosa raha wiki nzima. Kula na mkewe alikwisha kuweza, kula na saluni nzima aliweza. Lakini meza ile aliikimbia miaka, na yeye ndiye aliyekuwa amemuumiza mpishi wake. Akila kidogo, mama atarudi kujiuliza chakula chake kina nini. Akila sana kumfurahisha, atatoka pale anaumwa tumbo, na anaijua njia inayotoka hapo inakoelekea. Inapita kwa mwenye jogoo, pale kona. Alimweleza mkewe. Mkewe akamwambia, "Mimi nitakuwa kiti cha pembeni."

Meza ilikuwa ile ile: wali, kuku, mboga, matunda, na safari hii keki. Mama mkwe gauni la wageni. Kochi la kijani limetulia ukutani. Fundi akapakua mwenyewe, sahani ya kawaida, akaanza.

Na jamani, yule kuku! Miaka alimnusa, hakuwahi kumjua. Ngozi imekauka vizuri, ndani laini, ndimu imeingia mpaka mfupani. Wali umechambuka. Fundi alitafuna taratibu, akafumba macho kidogo, akasahau kuwa anatazamwa. "Mama," alisema, "huyu kuku umemfanyaje?" Mama mkwe akaanza kueleza, akaeleza kwa mikono miwili, kitunguu saumu, moto mdogo, asifunikwe mapema, uso wake ukawa wa msichana. Fundi akaongeza kijiko cha wali, akala tena, akaomba kipande cha keki, kidogo.

Kisha kitu kikatokea ndani yake, kimya kimya, hata hakukitambua mara moja. Hakikuwa kukaza kwa tumbo. Hakikuwa aibu. Ilikuwa tu kwamba imetosha. Sahanini kulikuwa bado na kipande cha paja, kizuri kabisa, na mkono wake haukukitaka.

"Ongeza, baba," mama mkwe alisema, kijiko cha kupakulia kiko hewani.

Fundi akaweka uma chini. "Nimeshiba, mama."

Mkewe akaacha kutafuna. Maneno yale mezani pale waliyajua wote watatu. Mama mkwe akalitazama lile paja, akamtazama mkwe wake usoni, kwa yale macho ya wodini, muda mrefu. Kijiko akakirudisha kwenye bakuli. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye kochi la kijani, akajitupa juu yake kwa uzito wake wote, akaegemea, akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, ametega sikio.

Kochi halikutoa hata mchakacho.

"Haya," alisema mama mkwe, akipangusa macho kwa ukingo wa gauni kana kwamba ni vumbi. "Mwanangu, mfungie mumeo hicho kipande. Atakila kesho mchana, akiwa amekaa."